Kipupwe Kikibisha Hodi Tabora

Chupa ya mawese ndiyo inayonitangazia kipupwe. Mama yangu yuko Ujiji, na kila akipata mtu wa kuaminika anayepanda treni kuja Tabora, hunitumia dagaa wakavu kwenye sandarusi na mawese kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Machi na Aprili mafuta hayo yanamiminika bila shida. Mei ikielekea ukingoni naanza kuona uzito chini ya chupa, na Juni ikishaingia, naweza kuipindua asubuhi kichwa chini miguu juu lisitoke tone. Mwenzangu wa chumba, mtu wa Nzega aliyezaliwa na baridi hii, hufurahi kweli kweli: "Ticha, leo tutumie kijiko au tuazime panga?"

Nipo mwaka wa pili wa shahada ya elimu. Masomo yangu ya kufundishia ni Jiografia na Kiswahili. Chuoni kwetu majina ya watu hayana kazi sana. Wote ni "mwalimu" au "ticha", hata ambaye hajawahi kushika chaki mbele ya mtoto. Mtaani ni hivyo hivyo. Mama wa genge anakuita mwalimu, dereva wa bajaji anakuita mwalimu, na mtoto wa jirani akikwama kwenye sehemu na desimali unaletewa wewe, ijapokuwa Hisabati uliagana nayo kidato cha nne kwa shangwe. Huwezi kukataa. Mwalimu gani anakataa?

Juni ndiyo mwezi wetu mzito. Muhula wa pili unakwenda ukingoni, koswek, yaani alama za kazi za muhula, inatafutwa kwa tochi, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, iko Julai, na UE ikiisha tunatawanywa kwenda TP, mazoezi ya kufundisha, kwenye shule halisi zenye watoto halisi. Bumu, ile fedha ya mkopo wa mwanafunzi, nalo wakati huo limebaki mkia. Juu ya hayo yote, weka baridi. Najua mtu wa Makete au Lushoto atacheka akisikia Tabora ina baridi. Usiku wa Juni hapa joto hushuka hadi nyuzi 14 au 15, na mchana hupanda hadi 28 hivi, kwa hiyo hakuna anayekufa. Lakini mimi nimekulia kando ya ziwa, na mwaka wa kwanza nilikuja na kanga tu. Sasa nina sweta la mtumba la rangi ya kahawia, lenye vifungo vya mwanaume, na silivui hadi saa nne.

Ukitaka kujua msimu umegeuka, angalia vimbweta, yale mabenchi na meza za kusomea nje. Miezi ya joto wanafunzi wanagombea vilivyo chini ya miembe. Ukichelewa unasomea juani. Juni mambo yanapinduka. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi vimbweta vya kivulini vitupu, vya juani watu wamebanana, na kundi la asaimenti linasogea polepole kufuata jua bila mtu yeyote kusema "tusogee". Jumatatu yangu yote huishia hapo, kwenye asaimenti ya kundi, ambayo haina la kusimulia. Kila chuo kina yule mwenzenu anayetokea siku ya kuchapa kazi na kuuliza jina lake limeandikwa la ngapi.

Jumanne ndiyo siku. Jumanne tuna maikrotichingi.

Kwa asiyeijua: darasa linagawanywa vikundi vidogo, kila mmoja anapewa robo saa ya kufundisha wenzake, na wenzake wanajifanya kidato cha kwanza. Wanaigiza vizuri kuliko inavyotakiwa. Mmoja anachelewa kwa makusudi, mwingine anaomba ruhusa kwenda chooni, mwingine anajifanya amesinzia na baadaye mnagundua haigizi. Mhadhiri wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, anakaa kiti cha nyuma na fomu ya tathmini na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kwa muda mrefu tulidhani anahesabu ili kutukatisha robo saa ikiisha.

Wiki hii ninayoisimulia, aliyenitangulia alifundisha aina za mvua. Sauti nzuri, ubao safi, mshale wa hewa yenye unyevu ukipanda mlima umechorwa vizuri. Aliuliza swali, akatazama darasa, akajibu mwenyewe, akaendelea. Akauliza tena, akajibu tena. Alipomaliza tukampigia makofi ya kiualimu, yale ya pa-pa-pa. Mhadhiri akasimama na kusoma kutoka kwenye simu yake sekunde alizozitoa baada ya kila swali. Nyingi hazikufika mbili.

Ndipo akatueleza habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye miaka ya 1970 alichapisha matokeo ya kusikiliza kanda za vipindi vya sayansi alivyovirekodi madarasani. Rowe aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 hivi, kisha anarudia swali, au anamwita mwingine, au anajibu mwenyewe. Walimu waliofunzwa kusubiri sekunde 3 au zaidi waliona majibu ya watoto yakirefuka, "sijui" zikipungua, na watoto waliokuwa kimya siku zote wakianza kufungua midomo. Sekunde 3 tu.

Mwenzetu mmoja wa Urambo akanyoosha mkono. "Madamu, lakini hao watoto wa Rowe walikuwa wanaulizwa kwa lugha yao."

Ukumbi ukatulia. Hilo kila mmoja wetu analijua kwa ngozi yake. Shule ya msingi ya serikali umefundishwa kwa Kiswahili miaka yote, unaingia sekondari Januari, na Jiografia ile ile inakujia kwa Kiingereza. Mwalimu anauliza. Unalipokea swali, unaligeuza kuja Kiswahili, unawaza jibu, unaligeuza jibu kwenda Kiingereza, unalikagua lisikuchekeshe mbele ya watu, na ukija kunyoosha mkono mwalimu ameshafika ukurasa wa pili.

"Basi wewe ungesubiri mpaka ngapi?" mhadhiri akamuuliza.

"Mpaka mtoto aende na arudi, Madamu."

Tulicheka, lakini mhadhiri aliandika kitu kwenye daftari lake, na sijawahi kumwona akiandika maneno ya mwanafunzi.

Zamu yangu ikafika. Mada yangu ilikuwa joto la hewa na tofauti ya usiku na mchana. Zana yangu, kama ulivyokwisha kubashiri, ilikuwa chupa ya mawese. Niliitoa kwenye mkoba ikiwa imeganda, nikampa wa mbele aipindue, akampa wa pili, ikazunguka darasa zima. Watu wazima wenye ndevu wanaitikisa chupa ya mafuta sikioni kama mtoto aliyepewa zawadi. Chupa iliporudi, niliwaambia kwamba jana yake saa nane mchana, kwenye dirisha la chumba changu, mafuta haya yalikuwa maji. Nikauliza kwa nini. Nikanyamaza.

Ule ukimya nitauzungumzia kidogo, kwa sababu hakuna kitabu cha mbinu kinachokuandaa. Sekunde ya kwanza si kitu. Ya pili unasikia redio ya mlinzi getini. Ya tatu mikono yako inakuwa mirefu, hujui uiweke wapi, na ulimi unakuwasha kutoa kadokezo kadogo tu, kaneno kamoja ka kuwasaidia. Ya nne unaona mtu anatazama dirishani, na unajiaminisha kwamba umempoteza. Kumbe ndiye anayewaza. Yule wa dirishani ndiye aliyejibu: usiku ardhi inatoa joto lake, na mawingu hayapo ya kulizuia.

Tukaanzia hapo. Kipupwe anga la Tabora ni jeupe siku baada ya siku, hewa ni kavu, na joto ambalo ardhi imelipata mchana linapotea angani usiku bila blanketi. Jua nalo liko mbali na sisi. Tarehe 21 Juni linakuwa la utosi kwenye Tropiki ya Kansa, nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa ikweta, na sisi tuko nyuzi 5 kusini. Upepo wa kusini mashariki unavuma mkavu na wa ubaridi. Kisha nikaongeza la kwetu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi, na kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hapo peke yake Ujiji inatuzidi karibu nyuzi 3. Halafu kuna ziwa lenyewe, ambalo hupoa polepole na usiku huirudishia hewa joto lililolihifadhi mchana. Haya yote yamo vitabuni, ila vitabuni yamekaa na mifano ya pwani na ya nchi zenye theluji. Mtoto wa Sikonge anaijua theluji kwa picha. Mafuta yaliyoganda ameyaona jikoni kwao.

Chupa niliiacha kwenye kizingiti cha dirisha. Saa saba tuliporudi kwa majadiliano, mtu wa Urambo akapaza sauti, "Mwalimu, wanafunzi wako wameyeyuka!"

Jumatano tuna saikolojia ya elimu, ukumbi mkubwa, mchana. Mada ilikuwa ngazi ya mahitaji ya Abraham Maslow, aliyoiandika mwaka 1943: chini kabisa chakula, maji, joto la mwili na usingizi, juu yake usalama, juu yake kupendwa na kuwa wa watu, kisha heshima, na kileleni mtu kufikia kile anachoweza kuwa. Nilitazama ukumbi. Nusu yetu tulikuwa tumepiga pasi ndefu, yaani umekula chapati mbili na maharage saa nne na nusu ukazihesabu kuwa chai na chakula cha mchana kwa pamoja, na hapo ni saa tisa, hesabu imeanza kukataa. Mhadhiri anasema kwa msisitizo kwamba mwenye njaa hawezi kuzingatia elimu, nasi wenye njaa tunaandika kwa bidii kwamba mwenye njaa hawezi kuzingatia elimu. Maslow ana wakosoaji wake, na kweli nimeona watu wenye njaa wakijali heshima kuliko mkate. Ila siku ile sikuwa na nguvu ya kumkosoa.

Alhamisi tulikwenda kutazama vipindi kwenye shule ya kata moja nje kidogo ya mji. Tulibanana kwenye bajaji na kufika kabla ya paredi. Asubuhi ya kipupwe, uwanja wa shule una namna yake. Watoto hawakimbizani. Wamesimama ukutani upande wa mashariki, migongo imeegemea matofali, macho wameyafumba, wanaota jua. Wengine mikono wameirudisha ndani ya mikono ya shati, inabaki inaning'inia mitupu. Wenye sweta za shule walikuwa wachache. Wengine walivaa fulana mbili tatu chini ya shati, kwa sababu koti lisilo la sare lingewaletea maneno getini, na ungeweza kuhesabu kola zao.

Tuligawanywa. Mimi na mtu wa Nzega tuliangukia kwa mwalimu wa Kiswahili, mama wa makamo, kidato cha pili, kipindi cha kwanza na cha pili vikiwa pacha, dakika 80. Aliingia, darasa likasimama, wakasalimiana. Akatazama. Sakafu ya saruji, madirisha ya upande wa magharibi, kiza cha ubaridi ambacho hakitoki hadi saa nne. Akasema, "Haya, tokeni. Bila kelele. Jua liko nyuma ya stoo."

Walitoka kama waliokuwa wanalisubiri neno hilo, na kumbe walilisubiri. Wakafanya duara. Yeye akasimama katikati, mgongo juani, akapaza sauti:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Popote niendapo anifuata."

Hicho kilikuwa cha kuamshia tu. Vivuli vyenyewe vilikuwa vimelala mbele yao, virefu kuliko wenye navyo, wakajibu wote kwa pamoja huku wakicheka. Akatega kingine: wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana. Hapo kukawa na ukimya. Mmoja akasema macho, mwalimu akatikisa kichwa. Mwingine akasema mbwa na paka. Kicheko. Mwalimu hakuongeza neno. Alijifunga kanga yake vizuri, akatazama miti. Mwishowe akasema, "Nipeni mji."

"Tumekupa Kaliua!"

"Kaliua nilikwenda, nikala asali hadi nikasahau nauli, watu wakanisalimia mwangaluka, nami nikaitika mwangaluka…" Akawa anausifu mji taratibu, anautembea sokoni na stesheni, na mimi nikiwa nimesimama pembeni na fomu yangu nikaona kitu ambacho sikukiona miaka yote niliyotegewa vitendawili na bibi. Kabla hajamaliza Kaliua yake, msichana mmoja mwembamba wa safu ya nyuma, mikono bado imo ndani ya shati, akasema kwa sauti ya chini, "Mlango."

Ule mji ni muda. Mtegaji anazunguka mji, na wewe kichwa chako kinaendelea kuhangaika. Hakuna aliyeaibishwa, hakuna aliyeambiwa "kaa chini". Rowe aliutafuta kwa vinasa sauti. Kwetu umekaa ndani ya mchezo wenyewe, na sisi tunaufundisha kama mada ya fasihi simulizi, tunaorodhesha sifa na dhima zake ubaoni, tunautungia mtihani.

Dakika kumi zikaisha, wakarudi ndani, somo la uundaji wa maneno likaanza. Sitasema lilikuwa la ajabu. Lilikuwa somo zuri la kawaida, lenye vitabu vichache na wanafunzi wengi. Ila walikuwa wameamka, na yule msichana alinyoosha mkono mara nyingine, safari hii mkono wenyewe ukiwa nje ya shati.

Ofisini, wakati wa chai, tulimuuliza. Mwenzangu, kwa adabu zote za Kinyamwezi, alianza na shikamoo ya pili kabla ya swali. "Mwalimu, zile dakika za nje kwenye andalio la somo unaziweka wapi?" Maana andalio letu lina hatua zake, kila hatua na muda wake, na ya kwanza ni utangulizi. Safu ya kuota jua haimo.

"Naandika utangulizi," akasema. "Na ni utangulizi kweli. Nisipowapa hizo kumi, wananidai kipindi kizima."

"Na mthibiti ubora, mkaguzi wa shule, akija?"

"Akija atakuwa na baridi na yeye. Tutatoka naye."

Niseme pia upande wa pili, nisije nikaonekana nimelewa. Mwalimu wa Hisabati wa darasa la jirani alilalamika juu ya kelele, na alikuwa na haki. Yeye ubao hauhamishiki, na kipindi chake kimoja cha dakika 40 hakina nafasi ya kumegwa robo. Siku ya mawingu na upepo, nyuma ya stoo ni kubaya kuliko ndani. Nami sijui kidato cha nne wenye mtihani mbele yao wangemvumilia kwa kiasi gani. Hii si dawa ya kila darasa. Ninachokishika ni kwamba mwalimu yule aliingia, akatazama watu kabla ya kutazama andalio, na uamuzi wake aliufanya mlangoni.

Mhadhiri wetu hupenda kutukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere naye alisoma mji huu huu, akatoka Makerere akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria kuanzia 1946, kabla ya kwenda Edinburgh 1949. Huwa nawaza asubuhi zake za Juni. Nyuma yake hakuna simu yenye saa ya sekunde, lakini baridi ilikuwa hii hii.

Ijumaa nilifua na kulala.

Jumamosi nyumbani kwa mama mwenye nyumba tulikuwa na kazi ya matobolwa. Viazi vitamu vimetoka shamba, na kipupwe chenye jua kavu ndicho msimu wa kuvihifadhi. Wanaotaka michembe wanamenya viazi vibichi, wanakata vipande na kuanika. Matobolwa unachemsha kwanza, unamenya vikiwa bado vya moto, ndipo unakata na kuanika. Mama mwenye nyumba anapenda matobolwa kwa sababu yanatafunwa hivyo hivyo bila kupikwa, na wapangaji wake tunapenda matobolwa kwa sababu hiyo hiyo. Tulikaa uani kwenye vigoda, sufuria katikati, mvuke unapanda, vidole vinaungua. Kiazi kilichochemka ukikishika vizuri ganda linavuka lenyewe kwa kidole gumba, refu, hadi ncha. Ukikifanyia haraka linaondoka na nyama.

Mjukuu wake yuko kidato cha kwanza. Nilimuuliza asubuhi yake ya shule ikoje. Anaamka saa kumi na moja, anachota maji, anapeleka ndoo ya maandazi ya bibi yake kibandani, kisha anatembea kwenda shule, na akichelewa namba anapewa eneo la kufagia. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Nilikumbuka ngazi ya Maslow kwenye daftari langu na jinsi nilivyoipaka rangi.

Basi nikajaribu lile swali langu, kwa Kiswahili, bila fomu. Kwa nini Ujiji kuna joto kuliko hapa? Akaendelea kumenya. Akamaliza kiazi, akakikata, akachukua kingine. Bibi yake akataka kumsaidia: "Jibu basi, mwalimu anakuuliza." Nikamwomba, "Mama, mwache tu." Kiazi cha pili kikaisha.

"Kwa sababu wako chini," akasema. "Treni ikienda Kigoma inateremka. Mjomba ndiye aliniambia." Halafu, kabla sijasema vizuri, akaniuliza yeye: "Lakini mbona mafuta ya alizeti hayagandi? Nayo si yanalala jikoni huko huko?"

Hapo Jiografia yangu ikafika kituo cha mwisho. Nilimpigia rafiki yangu anayesoma Kemia na Biolojia, akaeleza akiwa sokoni, kelele tupu. Mawese, karibu nusu yake ni asidi za mafuta ambazo molekuli zake zimenyooka, zinapangika vizuri na kushikana upesi joto likishuka. Alizeti nyingi yake ni zile zenye kukunjika, hazipangiki, kwa hiyo zinaendelea kuteleza hata kwenye baridi kama hii. Mjukuu alisikiliza kwenye spika, akatikisa kichwa, akauliza siagi je. Rafiki yangu akasema salio linaisha. Halikuwa linaisha, maana baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyepiga mara ya pili.

Jumapili jioni nilikuwa na fomu ya TP mkononi, na ushauri mwingi. Mtu wa Nzega kajaza Nzega, atakula kwao, atalala kwao, bumu lote libaki. Ana akili. Kwa hesabu hiyo mimi ningejaza Ujiji. Nimejaza Kasulu. Kuna mama mdogo wa kunipokea, na nataka kuanza na watoto wanaofika darasani na baridi mwilini, maana Kasulu iko juu na asubuhi zake za Julai zinajulikana. Nikifundisha Ujiji nitafundisha niliokua nao, kwenye joto nililolizoea.

Nilipompigia mama kumwambia, alinyamaza kidogo, akasema, "Umeichoka baridi ya Tabora, unaifuata ya Kasulu?" Akauliza kama sweta bado lina vifungo. Kisha nikamwomba anipe bibi, nikiwa na daftari na kalamu, nimwombe vitendawili vya kwenda navyo. Vya vitabuni watoto wanavijua. Bibi hakutaka kunisomea orodha. Alisema kitendawili hakisomwi, kinategwa. Akatega: hausimiki, hausimami. Nikawaza, salio likaenda, nikashindwa.

"Nipe mji."

"Nimekupa Tabora, bibi."

"Tabora siitaki. Mji gani huo mawese yanaganda? Nipe mwingine."

Nikampa Zanzibar. Akaupokea, akaanza kuutembea, na alipofika Forodhani anakula pweza ndipo nikasema mkufu.